Kisu kinachoitwa Fanya Kazi

Leo naomba tuongee juu ya kisu. Siasa ipo, bei ya mafuta ipo, na kesho vitakuwepo tu. Leo ni kisu. Tena cha kukunja, cha kutia mfukoni, jamii ya vile tunavyovifahamu kwa kukatia kamba za mizigo na kumenyea machungwa stendi. Tofauti ni kwamba hiki kinauzwa mamia ya dola za Kimarekani, na wapo watu wazima wenye akili timamu wanaomiliki vitano au sita vinavyofanana, huku wakikuapia kwamba havifanani hata kidogo.

Kinaitwa Sebenza.

Kama wewe ni mtu wa lugha zetu za Kibantu najua umeshatega sikio. Ndiyo, ni neno la Kizulu. Maana yake ni "fanya kazi". Kazi yenyewe Wazulu wanaiita umsebenzi, na zikiwa nyingi ni imisebenzi. Angalia hapo: m na mi, kama mti na miti. Sasa kisu chenye jina hilo kinatengenezwa Boise, katika jimbo la Idaho, Marekani, mahali ambapo nadhani ukimwita mtu "ndugu" atageuka kutafuta unayeongea naye.

Jina lilifikaje huko? Lilisafiri na mwenyewe. Chris Reeve ni mzaliwa wa Afrika Kusini, na kwa mafunzo ni fundi wa kuchonga vyuma, wale wanaotengeneza kalibu na vifaa vya viwandani. Mwaka 1984 alianzisha shughuli yake ya visu mjini Durban. Visu vyake vya mwanzo vilivyompa jina havikuwa vya kukunja. Vilikuwa vinachongwa kutoka kipande kimoja cha chuma, mpini na bapa vikiwa kitu kimoja, na mpini una uwazi ndani. Mwaka 1989 yeye na mkewe Anne wakahamia Boise. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Sebenza ikaingia sokoni.

Mimi si mpenzi wa visu. Nimeingia humu kwa mlango wa pembeni, kupitia mpiga picha mmoja ninayefanya naye kazi. Anayo Sebenza 21, aliachiwa na binamu yake anayeishi Marekani. Tunapokwenda mikoani anaitumia kukata kila kitu, kuanzia gundi ya karatasi mpaka muwa. Sasa kumetoka toleo jipya zaidi, Sebenza 31, na jamaa anawaza auze la zamani ili aongezee alinunue. Akaniuliza: "Wewe unayependa kusoma soma, hebu niambie, hivi kuna tofauti ya maana au ni biashara tu?" Swali zuri. Ni swali ambalo tungepaswa kuuliza kila tunapoambiwa kitu fulani kimetoka "kipya": simu, katiba, hata mtaala wa shule. Basi nikalifanyia kazi.

Tuanze na kufuli, maana hapo ndipo penye roho ya kisu cha kukunja. Kisu kisichokunjwa hakina shida hiyo. Cha kukunja kina kiungo, na kiungo kikikusaliti wakati unakandamiza, makali yanarudi juu ya vidole vyako mwenyewe. Kwa hiyo mafundi wamehangaika miaka mingi na swali moja tu: kikishafunguka, kitu gani kitakishika kisijifunge?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Michael Walker aliboresha njia ya kutumia bamba jembamba la chuma ndani ya mpini. Kisu kikifunguka, bamba linaruka kama springi na kukaa nyuma ya kitako cha bapa. Ukitaka kufunga, unalisukuma pembeni kwa kidole gumba. Ni akili kubwa kwa kitu kidogo. Lakini bamba ni jembamba.

Reeve akauliza swali la fundi: kwa nini tuwe na bamba ndani ya mpini, wakati mpini wenyewe upo? Akachukua titani (aina yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, inayotumika sana kwenye ndege), akaupasua upande mmoja wa mpini kwa mkato mrefu, ukabaki ulimi mnene unaochezacheza. Ulimi huo ndio kufuli. Hiyo ilikuwa 1987. Na uzuri wake uko hapa: ukikishika kisu kwa nguvu kufanya kazi, vidole vyako vinaubana ulimi uzidi kuingia mahali pake. Kadiri unavyokibana ndivyo kinavyokushikilia. Leo kufuli la namna hii linatengenezwa na kampuni nyingi duniani, za bei kubwa na za bei ya kutupa.

Siku moja kazi zilipopungua nikamwomba mwenzangu tukifungue chake. Hivi visu vinakuja na spana ndogo za pembe sita ili mwenye nacho akifungue mwenyewe, akisafishe, akipake grisi na kukirudisha. Nikatandika gazeti (angalau lilipata kazi), tukaanza. Skrubu, washa mbili za shaba nyeusi, bapa, pande mbili za mpini. Na katikati, pale kiungo kinapozungukia, kuna kibushi. Mafundi magari mtanielewa haraka: bapa linazunguka juu ya bushi iliyochongwa kwa kipimo cha uhakika, kwa hiyo skrubu unaikaza mpaka mwisho na bado kisu kinafunguka laini. Kwenye visu vingi vya kawaida unabaki kutafuta katikati: ukikaza sana kinagoma, ukilegeza kinayumba. Hapa hakuna cha kutafuta. Aliyekichonga ameshakutafutia. Na kama kipimo chake kingekuwa kibovu pasingekuwa na mahali pa kukificha, kwa sababu hakuna skrubu ya kuchezea.

Haya, sasa matoleo. Nimejifunza kwamba kitu hiki kimebadilika kwa njia mbili. Moja ni chuma cha bapa. Nyingine ni ile milimita chache ambapo ulimi wa kufuli unagusana na kitako cha bapa.

Chuma kwanza. Sebenza za mwanzo zilikuwa na ATS-34, chuma cha Kijapani. Katikati ya miaka ya 1990 ikaja BG-42. Vyote ni vyuma vizuri, lakini ni vya kuazima: ukoo wao ni wa beringi na vipuri vya kufanya kazi kwenye joto kali. Mafundi visu walikuwa wanakula mezani kwa watu wengine. Reeve akashirikiana na Dick Barber wa kampuni ya Crucible, wakafikia chuma kilichokusudiwa kisu tangu mwanzo, S30V, kilichotoka 2001. Kinatengenezwa kwa njia ya unga: chuma kilichoyeyuka kinapulizwa kwa gesi mpaka kiwe chembechembe, kisha chembe hizo zinabanwa kwa joto na shinikizo ziwe kitu kimoja. Faida yake ni kwamba zile punje ngumu ndani ya chuma, zinazoyafanya makali yadumu, zinakuwa ndogo na zinasambaa sawasawa. Fikiria ugali usio na madonge.

S30V ilikuwa na asilimia 4 ya vanadi. Ilidumu kwenye makali, ila iliwasumbua wanaoichonga na kuing'arisha, na makali yake yaliweza kumeguka. Wakarudi mezani. Vanadi ikashuka mpaka asilimia 3, ikaongezwa niobi nusu asilimia, na mwaka 2009 ikatoka S35VN, ngumu kumeguka kuliko ya kwanza na nyepesi zaidi kwa fundi. Baadaye ikaja S45VN yenye kromi zaidi ya kupambana na kutu, kisha MagnaCut, iliyobuniwa na mwanasayansi wa vyuma Larrin Thomas na kuingia sokoni 2021. Ukiziweka Sebenza za miaka thelathini mezani kwa mpangilio unaona bapa lile lile, umbo lile lile, karibu sentimita 9 kwa kisu kikubwa. Kilichobadilika kiko ndani, na ukikitazama tu hukioni. Unakijua unapokinoa.

Sasa kufuli, na hapa ndipo hadithi ilipontekea mimi.

Mwaka 2008 ilikuja Sebenza 21, ikachukua nafasi ya matoleo mawili yaliyokuwapo, Regular na Classic. Namba hiyo ni hesabu ya miaka tangu kufuli la 1987. Kwenye 21 ulimi wa titani unakutana moja kwa moja na kitako cha chuma. Titani ni imara na nyepesi lakini uso wake ni laini ukilinganisha na chuma kilichopikwa, kwa hiyo kile kiuso cha ulimi kinapashwa moto kwa makusudi ili kiwe kigumu. Hata hivyo, metali mbili zikisuguana mara elfu na elfu, zinakulana. Ulimi unasogea taratibu, kidogo kidogo, kwa miaka.

Mwaka huo huo kampuni ikatoa kisu kingine kabisa, Umnumzaan. Kizulu tena: bwana, mwenye kaya. Hicho hakikuwa Sebenza, kwa hiyo hakikubeba matarajio ya mtu. Mwishoni mwa ulimi wake wakatia gololi ya kauri, ya kipenyo cha milimita tatu hivi. Gololi hiyo ndiyo inayogusana na chuma. Kauri haikwanguki na chuma, wala haing'ang'anii. Tena gololi hiyo hiyo inafanya kazi ya pili: kisu kikiwa kimekunjwa, inakaa kwenye kishimo kidogo kwenye bapa na kulizuia lisijifungue mfukoni. Kazi mbili, kipuri kimoja.

Ungekuwa wewe mfanyabiashara ungefanyaje? Mimi ningesema mwaka unaofuata tutie gololi kwenye Sebenza, tubandike mabango. Wao hawakufanya hivyo. Ilipokaribia 2012, miaka 25 tangu kufuli la kwanza, wakatoa Sebenza 25 yenye gololi, mpini mnene zaidi na umbo lililobadilishwa mahali pa kuweka kidole. Ila 21 hawakuiondoa. Wakaviacha vyote viwili vikauzwa pamoja, ndugu wawili duka moja. Watu waliendelea kuipenda 21. Miaka michache baadaye 25 ikabadilishwa tena na kupewa jina lake lenyewe, Inkosi, yaani chifu, ikajitegemea.

Mwishoni mwa 2019 ndipo ikatoka Sebenza 31. Ukiitazama ni 21. Mpini ule, bapa lile. Lakini gololi ya kauri imeingia. Na kibanio cha mfukoni, ambacho kwenye 21 kilikuwa kinaukalia ulimi wa kufuli na kuusukuma kidogo, sasa kimekaa mshazari ili kikanyage sehemu ya mpini isiyocheza.

Piga hesabu. Kutoka 2008 mpaka mwishoni mwa 2019 ni miaka kumi na moja. Gololi ya milimita tatu imetumia miaka kumi na moja kutembea kutoka kwa mdogo mpaka kwa mkubwa. Ilijaribiwa kwa yule ambaye hakuna aliyemzoea, ikaletwa kwa ndugu wa karibu, na ilipothibitika ndipo ikakaribishwa nyumbani kwa kaka. Mambo mengine waliyojaribu njiani, unene na umbo jipya, hayakuletwa. Yalibaki kwa Inkosi, yanakofaa.

Kwa hiyo nikamjibu mwenzangu. Tofauti ipo na ina maana. Kila badiliko nililoliona lina shida unayoweza kuitaja kwa jina: hiki kilikuwa kinalika, hiki kilikuwa kinameguka, hiki kilikuwa kinasukuma mahali kisipotakiwa. Sikuona badiliko hata moja lililokuja kwa sababu mwaka umegeuka. Lakini kwa hoja hiyo hiyo, usiuze. Kufuli lako halijasogea hata nusu ya safari yake. Shida iliyoizaa 31 wewe bado hujaipata. Siku ukiipata tutaongea. Akacheka, akasema nimemwokolea hela. Nikamwambia basi soda.

Hapo ningeweza kuishia, ila kuna jambo la jina limenikalia kooni, na naomba mnivumilie.

Babu yangu mzaa baba, wa kule Rungwe, alikuwa anajua Kizulu kidogo, au tuseme alidhani ni Kizulu. Kilikuwa Fanagalo, lugha ya migodini Afrika Kusini, maneno mengi ya Kizulu yakichanganywa na Kiingereza na Kiafrikana. Vijana wengi wa nyanda za juu kusini walikwenda huko kuchimba dhahabu enzi za mkoloni, na neno Wenela, jina la shirika lililokuwa likiwaandikisha, wazee wanalikumbuka mpaka leo. Serikali ya Tanganyika ilikomesha uandikishaji huo karibu na uhuru. Babu alikwenda miaka ya 1950 akarudi na blanketi, baiskeli na kikohozi. Na alirudi na maneno. Tulipokuwa watoto tukizembea shambani alikuwa anatupigia kelele: "Sebenza! Sebenza wena!" Sisi tulicheka, tulidhani ni utani wa kizee. Baadaye sana ndipo baba akanieleza kwamba babu alikuwa anamwigiza mtu. Hivyo ndivyo alivyokuwa anaambiwa yeye, chini ya ardhi, kutwa nzima.

Sasa unielewe ninavyohisi ninapoliona neno hilo kwenye kitu cha mamia ya dola. Simlaumu aliyelichagua. Ameishi na neno hilo, kwake ni jina la heshima: kifaa cha kufanya kazi, hakuna mapambo. Na ukikifungua ukaona ile bushi huwezi kusema anatania. Lakini visu vingi vya namna hii vinanunuliwa na watu ambao hawatavitumia. Vinawekwa kwenye sanduku, vinafutwa kwa kitambaa laini, vinapigwa picha. Mkwaruzo mdogo kwenye titani ni msiba. Jina linasema fanya kazi, na mwenye nacho anaomba kisifanye.

Jambo moja zaidi. Kila Sebenza inatoka kiwandani na kadi inayoonyesha tarehe iliyokamilika. Wapenzi wake wanaiita kadi ya kuzaliwa. Ya mwenzangu ipo, ameitunza kwenye pochi. Babu hakuwahi kuwa na kadi ya kuzaliwa. Alizaliwa mwaka wa nzige, basi. Huko migodini walimwandika umri waliouona unamfaa.

Sina nasaha kubwa ya kutoa kwenye hilo. Ila naona fundi anayekaa na kitu kimoja miaka thelathini, akikirekebisha mahali kinapouma tu, amemheshimu mtu atakayekishika kuliko anayemletea umbo jipya kila mwaka. Heshima hiyo kwa mkono unaofanya kazi ndiyo babu aliyoikosa. Nafurahi kwamba walau ipo mahali fulani, hata kama ni ndani ya kisu. Na nafurahi zaidi kwamba hiki ninachokijua mimi kinakata muwa.

Wiki ijayo tukijaliwa tutarudi kwenye siasa. Wasalaam.